Chini ya Kitanda cha Mwanangu

Katika sinema zangu nimevunja milango ya kila aina. Ya mbao, ya mabati, ya vioo vya kuazima, na mmoja wa chuma kule Masimba uliokataa kuvunjika, ukanivunja mimi kidole gumba cha mguu. Nimeingia nyumba za watu kwa teke, kwa bega, kwa dirisha, na mara moja kupitia paa, nikaangukia kochi la mwenye nyumba ambaye hakuna aliyekumbuka kumwambia kuwa hadithi ingepita sebuleni kwake. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu. Mtu yeyote aliyekulia kati ya Kisii na Nyamira, na aliyewahi kulipa kuingia chumba cha video, ananijua kwa ule mguu.

Lakini nyumba ya mwanangu sijawahi kuingia tangu alipooa. Iko karibu tu na yangu, upande wa pili wa migomba, na ina mlango wa mbao ambao hata mtoto angeusukuma. Nikimhitaji nasimama uani nakohoa, naye anatoka. Mvua ikinikuta hapo, mkamwana wangu hunitolea kigoda na chai, nami nainywa chini ya ukingo wa paa huku magoti yakilowa. Sisi Wakisii tunaiita chinsoni, ile heshima iliyochanganyika na haya inayomtenga mzazi na mambo ya ndani ya watoto wake waliooa. Baba haingii. Akiingia, na hasa akifika kilipo kitanda, inasemekana balaa halimpati yeye. Linawapata wadogo, linaenda tumboni kwa mwanamke wa nyumba hiyo. Mimi ni Msabato, nilibatizwa mtoni nikiwa na akili zangu timamu, na kanisani tunafundishwa kuwa mambo hayo ni ya giza. Naamini tunavyofundishwa. Hata hivyo siingii.

Direkta alikuja wakati wa mvua. Alikuwa msichana wa Nairobi ambaye wazazi wake wametoka Kiogoro, na Kikisii chake kilikuwa cha kuombea maji. Kila likizo alikuwa akitazama diski zangu kwa mjomba wake, na sasa alikuwa amesomea mambo ya filamu na kupata watu wa kumsaidia kutengeneza yake mwenyewe. Hakutaka nicheze jambazi wala polisi. Alitaka nijicheze mimi: staa aliyezeeka, aliyerudi kwao Nyamira kuchuma majani chai, na ambaye watu wote aliowaua kwenye sinema wanaanza kumjia mmoja mmoja. Wanataka kujua kwa nini wao walikufa, wakati yeye kila mara aliamka, akajipangusa vumbi, akaenda kula.

Nilikubali kabla hajamaliza. Mwanamume anayesema hapendi kusifiwa ni kwa sababu hakuna anayemsifu. Mke wangu alicheka mpaka akaweka sufuria chini, akauliza nani atalipa kuona mzee akitafuta miwani yake.

"Hii muvi ni wewe, mzee wangu," direkta aliniambia. "Jina ni lako, boma ni lako, magoti ni yako. Usinipatie karakta. Nataka wewe."

Nilifurahi kusikia hivyo. Sikujua kwamba maneno hayo ndiyo yangenitesa. Katika miaka yangu yote ya sinema sikuwahi kuogopa kitu, na sababu yake ni rahisi: sikuwa mimi. Niliwahi kuvunja mlango wa mtoto wa ndugu yangu, kijana aliyeoa, ambaye kwa mila zetu ni mwanangu vilevile, na hakuna aliyesema neno. Aliyeingia mle alikuwa jambazi mwenye jina lake na kovu lake la rangi. Yule jambazi angeweza kuingia popote apendapo, hakuwa na mtoto pale.

Skripti niliisoma barazani, majani chai yakiwa bado kikapuni. Ilikuwa tamu. Kulikuwa na ucheshi, kulikuwa na mahali ninapoanguka kwenye ngazi ya kituo cha kupimia majani chai mbele ya watu wote, na nilicheka peke yangu. Kisha nikafika ukurasa wa mwisho. Wale waliokufa wamenizingira. Nakimbia kupitia boma langu, kila mlango umefungwa, umebaki wa mwanangu. Nauvunja kwa teke, lile teke langu maarufu, naingia, na kujificha chini ya kitanda chake. Filamu inaishia hapo, uso wangu sakafuni.

Niliifunga ile skripti na kuiweka chini ya kikapu, kama kwamba mtu angeweza kuusoma ule ukurasa akiwa upande wa pili wa migomba.

Maana kule upande wa pili kulikuwa na tumbo. Mkamwana wangu alikuwa mjamzito, na haikuwa mara ya kwanza. Mara mbili kabla ya hapo mimba zilitoka, na mara mbili tulichimba kishimo nyuma ya nyumba yao, tukafukia na kuomba, na hatukuzungumzia tena jambo hilo. Safari hii tumbo lilikuwa limefika mahali ambapo yale mengine hayakuwahi kufika. Hakuna aliyesema lolote juu yake, hata kumuuliza anaendeleaje tuliona ni kumchokoza Mungu. Mke wangu alikuwa akimpelekea uji na kurudi bila kunitazama. Boma zima tulikuwa tunatembea kama watu waliobeba mayai.

Kwa hiyo nilimwambia direkta kwamba ukurasa ule siwezi. Tulikuwa tumesimama kando ya barabara, watu wake wakipakua vyombo.

"Lakini mzee, si ni kuigiza tu?"

"Ingekuwa kuigiza ningeingia sasa hivi," nikamwambia. "Wewe umesema ni mimi. Basi ni mimi ninayeingia."

Alianza kucheka, kisha akaniona sicheki. Akaniuliza nini kingetokea. Sikumwambia habari ya tumbo, si jambo unalomwambia mtu wa kamera. Nilimwambia tu kwamba huku kwetu hatufanyi hivyo, na kama mama yake hakumfundisha basi alimkosea. Nilisema kwa ukali kuliko nilivyokusudia. Hasira yangu huwa inatangulia mbele na mimi nafuata nyuma nikiomba radhi.

Mwanangu naye, ambaye anafanya kazi katika duka la vifaa vya ujenzi Kisii mjini na huja nyumbani Ijumaa kabla ya Sabato, aliniambia hizo zilikuwa habari za zamani na kwamba kwa upande wake hakuna shida. Ni kijana mzuri. Lakini tumbo si lake.

Hatimaye direkta alikubali. Alisema wangejenga chumba cha uongo cha plaiwudi na mabati, mbali na boma langu, kwenye malisho ya jirani ng'ambo ya kijito. Kingefanana na nyumba ya mwanangu kwa nje na kwa ndani, na mimi ningevunja mlango wa plaiwudi usio wa mtu. Niliona nimeshinda. Jioni hiyo nilimweleza mke wangu kwa majivuno jinsi nilivyomshika huyo msomi mpaka akanyoosha mikono, naye akasema vema, lakini hakutabasamu.

Tukaanza kazi. Nilidhani kujicheza mwenyewe ni rahisi kuliko mambo yote duniani, kumbe ndiyo kazi iliyonishinda. Kila nilipoambiwa niogope, uso wangu ulifanya yale uliyozoea: jicho moja linafumba kidogo, taya linakaza, kifua kinatoka mbele. Direkta alisimamisha kamera. Akasema naogopa kama staa. Tukarudia. Akasema sasa naogopa kama mtu anayeumwa na jino. Vijana wake walikuwa wakiangalia chini ili nisiwaone wanavyocheka. Alasiri mvua ya mawe ilitutimua tukakimbilia chini ya turubai, na pale, mawe yakipiga kelele juu yetu, aliniuliza kwa upole ni lini mara ya mwisho niliogopa kweli. Nilimwambia sikumbuki. Uongo mtupu. Nilikuwa naogopa dakika ile ile, na kila nilipotazama ng'ambo ya kijito na kuona moshi wa jiko la mkamwana wangu ukipanda, nilishukuru kimoyomoyo kwamba bado unapanda.

Siku ya kitanda walinianzishia kazi mapema kwenye mashamba ya chai, nikikimbia kati ya mistari mpaka goti likaanza kulia. Tulipofika kwenye chumba cha uongo kila kitu kilikuwa tayari. Sikuruhusiwa kuona ndani. Direkta alitaka nikione mara ya kwanza kamera ikiwa inatazama, ili macho yangu yasijifunze. Nilipiga lile teke. Mlango ulianguka vizuri, kwa heshima. Niliona pazia, meza, kitanda kilichotandikwa shuka hadi chini, na sikupoteza muda, nikajitupa sakafuni na kujiburuta mpaka chini yake.

Kamera ilikuwa imelazwa upande wa pili, na mshika kamera amelala kwa tumbo nyuma yake. Maagizo yalikuwa nilale chali, nipumue, halafu nigeuze uso kwao. Nililala chali. Na pale juu, karibu kabisa na pua yangu, nikajiona.

Nilikuwa mimi wa zamani, shingo nene, macho mekundu, bastola mkononi, nimechorwa kwa rangi ya mafuta kwenye plaiwudi. Niliijua ile picha. Ilikuwa ikining'inia nje ya chumba cha video pale Nyaramba miaka ile watu walipokuwa wakipigana kuingia. Simu za mkononi zilipoua biashara hiyo na chumba kikafungwa, mwenyewe alinipa nikaja nayo nyumbani. Mwaka ambao mwanangu alioa, mbao za kitanda chake zilivunjika, akaja kuniomba kipande cha plaiwudi cha kuziba. Nilikuwa sina kingine. Nikamkatia ile picha, akaenda akaipigilia misumari chini ya godoro lake, na sijaiona tena tangu hapo. Ningeionea wapi?

Kwa hiyo nilijua nilipo.

Niliogopa. Nasema hivyo hivyo kwa sababu sina namna nyingine ya kulisema. Nilitaka kutoka na mwili ukakataa, nikawaza kwamba nikijisogeza nitagusa shuka, nitagusa godoro, nitaongeza kosa juu ya kosa. Nilijaribu kuomba, maneno yakawa hayaji kwa mpangilio. Nikaliona akilini lile tumbo kama lilivyo, kitenge kimefungwa juu yake, mkono wa mwenyewe ukiwa umelishika kwa chini. Niligeuza uso ili nisiitazame tena ile picha, na macho yangu yakakutana na kamera.

Sikusikia direkta akisimamisha. Nilisikia makofi. Waliinua kitanda juu yangu, watu wawili, maana waliona sitoki. Direkta alikuwa akilia. Alinishika mikono yote miwili na kusema hajawahi kuona kitu kama kile, akaniuliza nimefanyaje.

"Kitanda kimetoka wapi?"

"Kwa kijana wako. Alituletea na pikapu asubuhi, sisi tulikuwa tunataka kununua cha bei rahisi. Akasema hapana, hiki kitaonekana kweli. Alisema huko kwake wamekubaliana." Kisha akanitazama vizuri. "Mzee, kuna shida?"

Nilimwambia hakuna. Kwenye sinema ningepindua meza. Lakini nilihisi kwamba nikilitamka tu, litakuwa jambo kamili, lenye miguu, na litavuka kijito kabla yangu. Nilikwenda nyuma ya ule ukuta wa plaiwudi, nikatapika chai yote ya asubuhi. Kitanda kilirudishwa jioni hiyo hiyo. Nilikiona kikipita juu ya pikapu, miguu juu, na ile picha yangu ikiwa inatazama mawingu mbele ya kijiji kizima.

Nilimwambia mke wangu. Alikuwa akimenya ndizi. Alisimama na kisu mkononi, ndizi nusu imemenywa, kisha akakaa tena na kuendelea.

"Usimwambie," akasema.

Tangu siku hiyo tulikuwa wawili wa kuchungulia. Mkamwana akishika kiuno, mke wangu anakohoa, nami naacha ninachofanya. Akichelewa kufungua mlango asubuhi, nasimama uani mpaka aufungue. Mimi siwezi kumuuliza; baba mkwe anamuuliza vipi mkamwana habari za tumbo lake? Kwa hiyo nilizunguka uani. Nilijitafutia kazi upande wa migomba, nikakata majani makavu yaliyokwisha kukatwa, nikarekebisha ua ambao haukuwa na kasoro, nikiburuza hili goti langu huku na huku kabla jua halijachomoza, ili tu nisikie akikohoa au akifokea kuku. Nikimsikia, naenda kunywa chai. Baada ya muda mfupi hofu inarudi, nami narudi uani.

Nilijaribu kujadiliana na hiyo hofu. Nilijiambia kwamba mila inasema nyumba, na ile haikuwa nyumba, ilikuwa plaiwudi. Halafu nikajijibu kwamba kinachofanya nyumba iwe nyumba ni kile kitanda. Nikajiambia nilikuwa naigiza. Nikajijibu kwamba sikuwa naigiza, kamera yenyewe ni shahidi. Hakuna mzee wa kumuuliza, kwa maana hakuna mzee aliyewahi kuletewa swali la aina hiyo. Wangesema achinjwe mbuzi wa kutakasa, na mbuzi hachinjwi kimya kimya, watu wangetaka kujua sababu, na sababu ingefika upande wa pili wa migomba kabla ya nyama. Kuhusu kanisa, nilijua watakachosema, na nilikwisha kukisema mwenyewe. Unaweza kukikataa kitu kichwani na bado magoti yakakiamini.

Mwanangu nilimpigia simu nikamfokea. Nilimwambia ameniingiza mahali ambapo hakuna baba anayeingizwa. Aliniacha nimalize, kisha akasema, "Tata," yaani baba, "sisi tulikubaliana. Ni kitanda tu." Nilidhani ile sisi ni yeye na direkta, nikakata simu.

Uchungu ulimjia mkamwana alasiri moja mvua ikinyesha, kabla ya wakati wake. Nilikuwa uani, mahali pangu. Nilisikia kikombe kikivunjika ndani, kisha akamwita mke wangu kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, sauti ya mtu anayeomba asisumbue. Wanawake walikuja mbio na khanga na miavuli. Mimi, niliyewahi kubeba wanaume wawili mabegani mbele ya kamera, nilisimama kwenye matope nikashikilia mlango wa gari la kukodi mpaka likaondoka, mlango ukanitoka mkononi. Lilikuwa linaenda Kisii hospitalini. Hakuna aliyeniambia niingie.

Mtoto alizaliwa usiku huo, msichana, mdogo mno. Mke wangu alinipigia simu na kuniambia anapumua kwa kusaidiwa, wamemweka kwenye kisanduku cha joto, na nisimwambie mtu habari za kuzaliwa kwake bado. Nilibaki nyumbani peke yangu na kuku. Nililisha ng'ombe, nikachuma chai mvuani, na kila simu ilipolia niliiacha ilie kidogo ili nibaki bado sijui. Nilikuwa na hakika kabisa. Sikuwa nikisema labda. Nilikuwa nimeingia, na sasa mtoto alikuwa analipa.

Leo mtoto huyo anatembea, anaita kila mnyama paka, na amenivunjia miwani mbili. Filamu imeonyeshwa Nairobi na hata nchi za watu, na direkta ananiambia watu wananyamaza kabisa ule uso unapotokea chini ya kitanda, kisha wanataka kujua huyo mzee ni nani. Mimi sijaitazama. Nasema haya mapema kwa sababu siku niliyokwenda hospitalini hakuna aliyeweza kutuambia kwamba ataishi.

Nilikwenda kumwambia. Niliona haifai mtoto afe na mama yake asijue ni kwa nini. Nilipanga maneno njia nzima, kwanza radhi, kisha kitanda, kisha mbuzi kama atataka. Mke wangu alikuwa ametoka kununua maziwa. Mkamwana alikuwa ameketi kwenye benchi la ukumbini, nje ya chumba cha watoto wachanga, khanga mabegani, akisubiri kuitwa kunyonyesha. Alinisalimia kwa kuinamisha kichwa. Kwetu baba mkwe na mkamwana hawapeani mkono, na mimi na yeye hatukuwahi hata kukaa benchi moja. Lakini hapakuwa na kigoda cha kuletewa, na mlango ule haukuwa wa mtu. Nilikaa upande wa mwisho na kuweka kofia yangu katikati.

Nikaanza na radhi. Nilimwita mwanangu, nikasema nimekuja, kuna jambo, na hapo nikaishia. Nilitazama sakafu. Naye, bila kugeuza uso, akaanza kusema kwa Kikisii cha polepole, kama mtu anayesoma.

"Tata, kitanda nilikitoa mimi."

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Mume wangu alitaka wakanunue kingine. Nikamwambia apeleke hiki. Nilijua utaingia chini yake. Nilijua na ile picha utaiona."

Nilimuuliza kwa nini.

"Wa kwanza alipokufa, ulikuwa hujaingia," akasema. "Wa pili alipokufa, ulikuwa hujaingia. Ulikaa nje na mvua yote ile ukanywa chai kwa heshima, na wakafa. Nikajiuliza, sasa hiyo heshima ilimlinda nani? Nikasema acha avunje mwiko, nione."

Nilishika ukingo wa kofia yangu.

"Halafu kiliporudi," akaendelea, "nikashindwa kukipanda. Kila siku nililala chini kwenye mkeka. Nilimwambia mume wangu mgongo unataka sakafu. Niliogopa, Tata. Niliogopa kuliko zile mara zingine zote." Alivuta khanga. "Lakini zile zingine niliogopa peke yangu, watu wote mkinyamaza. Mara hii nilikuwa nakusikia uani asubuhi ukizunguka na hilo goti. Nikajua tuko wawili."

Mlango ukafunguka kidogo na nesi akaita mama wa mtoto mdogo. Mkamwana wangu alijaribu kuinuka, akashindwa, akashika ukuta. Hapakuwa na mtu mwingine ukumbini. Nikasimama nikampa mkono, naye akautazama kwanza, kisha akaushika. Tulikwenda hivyo mpaka mlangoni, taratibu, kwa mwendo wa goti langu.